Nywele za Judith Mikononi mwa Mtunza Stoo

Jumapili, 29 Mei 2005

Barua kutoka kwa shemeji Konsolata. Imeletwa na konda wa basi la Babati. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, shemeji anaandika kama ofisi. Juu kabisa ameweka YAH: JUDITH. Chini yake vipengele vitatu.

Cha kwanza, atakuja tarehe 18 Juni kwenye misa ya mwaka mmoja ya marehemu mdogo wake, yaani mke wangu Monica. Sawa. Cha pili, hajasahau alichokiona Pasaka: Judith anapakua chakula, kilemba kinafunguka, nywele zinamwagika hadi kwenye sinia ya wageni. Mtoto amekaa kama hana wenyewe, anasema. Cha tatu, akikuta hali ni ileile, anaondoka naye. Msichana wa miaka ishirini na moja hawezi kukaa na baba peke yake, akageuzwa mpishi.

Nimeisoma mara tatu. Hakuna kipengele kinachouliza mimi naonaje.

Tuseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nywele za Judith zimenishinda. Shuleni alinyolewa kipara tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kama wasichana wote. Alipomaliza, Novemba 2002, tukaziacha. Zikaota kama zimewekewa mbolea. Kila Jumamosi Monica alikuwa anamkalisha kwenye kigoda, anambana nywele juu, wanacheka mambo yao. Mimi nikipita wananyamaza. Hata siku zake za mwisho kitandani alisema msiba ukifika wengine wanyolewe, lakini nywele za Judith zisiguswe. Hazikuguswa. Ila hakuna aliyemfundisha mtoto kuzibana mwenyewe. Mwaka mzima ni kilemba tu, na kilemba chenyewe kinafungwa kwa haraka kama mzigo wa kuni.

Akiondoka Judith, nabaki mimi na ng'ombe watatu. Simwogopi shemeji. Naiogopa hii nyumba ikiwa kimya.

Kwa hiyo mpango: ifikapo tarehe 18, nywele ziwe juu na zisianguke. Mimi nimekuwa mtunza stoo wa mashamba ya ngano miaka kumi na saba, mpaka walipotupunguza. Nimetunza pini za trekta, pini za kombaini, pini za haro. Pini ni pini.

Judith asijue lolote. Nataka ashtukie tu mambo yamekaa sawa.


Jumanne, 31 Mei

Katesh. Nimeondoka na basi la asubuhi, Judith nimemwambia naenda kuulizia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baridi kali, Mlima Hanang umejifunika mpaka kiunoni.

Nimeingia dukani kwa Raya, mke wa Muksini. Ana ukuta mzima wa vitu vya nywele. Sikutegemea. Nilidhani nitakuta aina mbili, kubwa na ndogo. Kuna vyenye meno, vya kubofya, vya kukunja, vya miguu miwili, mipira, tepe, neti. Nilisimama pale kama siku yangu ya kwanza stoo.

Raya akaniuliza natafuta nini. Wanawake wawili walikuwa wanachagua kanga, na mmoja anasali na sisi. Nikasema natafuta vitu vya kubania karatasi za kamati ya maji.

Raya akanitazama. Akauliza karatasi zenyewe zina urefu gani. Nikaonyesha, kutoka begani mpaka karibu na kiwiko. Akauliza ni nyingi? Nikasema ni nyingi sana, na ni nzito, lakini laini. Akauliza kabla ya hapo zilikuwa zinabanwa na nani. Nikasema zilikuwa na mtu wake, alifariki mwaka jana. Raya akafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

Kisha akasema kwa mtu anayejifunza kubana karatasi, asianze na vitu vingi. Achukue mpira uliovikwa kitambaa, maana mpira mtupu unakata karatasi. Achukue kibanio cha meno, cha ukubwa wa kati. Na pini chache za miguu miwili. Hivyo vitatu vinamtosha mwezi mzima. Tena akasema kama karatasi zimeoshwa siku hiyohiyo zitateleza, bora zingoje kesho yake.

Nilimshukuru. Lakini sikumwamini. Mtunza stoo hachukui kitu cha ukubwa wa kati. Kazi nzito inataka kifaa kizito. Nimenunua aina kumi na moja, na katika kila aina nimechukua kikubwa kuliko vyote.


Alhamisi, 2 Juni

Majaribio. Siwezi kujaribu kwenye kichwa cha Judith kabla sijajua kipi kinafaa. Hata stoo hatukutoa spea kabla ya kukagua. Nimechukua kibuyu cha maziwa kilichopasuka, nikafumua kamba ya katani, nikaigandisha juu kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Ukiangalia kwa mbali ni kichwa kabisa. Ukiangalia kwa karibu ni kichwa cha mtu aliyeugua sana.

Nyuma ya zizi, saa nne hadi saa sita. Nabana, natikisa kama mtu aliye ndani ya basi la Katesh, naandika matokeo. Kibanio cha kubofya: kimefunguka mtikiso wa tatu. Mpira: umekatika. Kibanio cha meno kikubwa: jino moja limevunjika. Pini za miguu miwili: zimepotea kwenye katani, mbili sijaziona mpaka sasa. Plastiki haina maana yoyote.

Nikiwa nimekipakata kibuyu, nakifunga utepe, akatokea jirani yangu Margwe. Margwe alikuwa dereva wa trekta, tulipunguzwa pamoja, na siku hizi anapiga ngoma ya kwaya. Alisimama muda mrefu. Akauliza hali yangu tangu msiba. Nikasema nzuri. Akasema watu wapo, nisikae peke yangu sana, hata jioni nipite kwake tunywe chai. Akaondoka anageuka geuka.

Kuna wakati nafikiri Margwe ni mtu mwema. Halafu nakumbuka alivyo mwepesi wa kusimulia.

Uamuzi: nitatengeneza mwenyewe. Bati mbili nyembamba, na springi ya kurudishia breki ya baiskeli. Nimeivika kitambaa cha mahameli ili isionekane ni chuma.


Jumamosi, 4 Juni

Nimeviweka vibanio vyote mezani, kwenye sahani ya bati, kana kwamba vimekuwa pale siku zote. Judith akaja kufuta meza, akavikuta. Akaniamkia, kisha akauliza ni vya nani. Nikasema nilipewa dukani, chenji haikuwepo. Akasema chenji ya aina kumi na moja? Nikasema maduka ya Katesh siku hizi yapo hivyo, biashara huria.

Akavichukua chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sikuchungulia, nilikuwa natafuta shoka.

Amehangaika saa nzima. Anakusanya nywele nyuma, anashika kibanio kwa mkono mwingine, nywele za upande mmoja zinamponyoka. Anaanza upya. Mikono inachoka, anaishusha, anaipandisha. Alikuwa ameziosha asubuhi, zinateleza kweli kama alivyosema Raya. Kile kikubwa cha meno kikamvuta kichwa nyuma mpaka akafumba macho. Mwishoni aliketi kitandani nywele zikiwa zimemfunika uso, na mabega yalikuwa yanatikisika.

Nilipaswa kuingia. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilipaswa kuingia na kumwambia hata mimi namkumbuka mama yake. Nikaenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Jioni nikamkabidhi kile cha springi. Nikasema hiki hakitakuangusha. Alikipima uzito mkononi. Akauliza kama nimekitengeneza mwenyewe. Nikakohoa. Akasema atakivaa kesho kanisani.


Jumapili, 5 Juni

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Judith alikaa safu ya tatu upande wa akina mama, nywele nyuma, shingo wazi, kitambaa cha mahameli kinang'aa. Nikajiona mtu. Nikamwangalia katekista kwa macho ya mtu asiye na deni na dunia. Masomo, mahubiri, sadaka, springi imeshika.

Tatizo la springi ya breki ni kwamba haijui kushika polepole. Ama inashika au inaachia. Tulipopiga magoti, Judith akainamisha kichwa, ikaachia. Ikaruka juu ya safu mbili, ikagonga ngoma ya kwaya. Pu. Kanisa zima limenyamaza, ngoma imelia mara moja, kwaya wakadhani Margwe ametoa ishara. Wakaanza wimbo wa kutokea.

Beti nzima waliimba. Watu wengine walishaanza kuchukua miavuli. Padri akasimama akingoja, mikono imeinuliwa.

Margwe alikiokota kile kibanio, akakikagua, akakitambua. Akakiinua juu kunionyesha kuwa yeye anajua. Judith alikuwa ameshajifunga kitenge kichwani.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, kwa heshima tu, baba, hasa unataka nini. Nikasema sitaki kitu. Akasema haya. Akaenda kuteka maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.


Jumatano, 8 Juni

Katesh tena. Nimemweleza Raya kwamba karatasi za kamati zimepata ajali. Amesema habari zilifika juzi, na kwamba kwaya iliimba vizuri.

Safari hii dukani hapakuwa na mtu. Raya alijifunga ushungi vizuri, akaenda mlangoni akamwita binti yake wa darasa la pili. Kipara, bila shaka. Akamwambia akae. Akachukua uzi wa kufumia, mweusi, fungu zima, akamwekea kichwani, akanionyesha kwa mikono yake taratibu kama mtu anayemfundisha mzee kusoma. Kwanza zikusanywe, zifungwe kwa mpira wa kitambaa, usikaze. Hapo kazi ngumu imekwisha, maana mikono haihitaji tena kushika kitu kisichofungwa. Halafu zisokotwe kuelekea upande mmoja mpaka zenyewe zitake kujikunja. Zikitaka kujikunja, usizizuie, zizungushe zikae. Pini ya miguu miwili iingie ikiwa imesimama, ishike nywele kidogo za kisogoni, kisha ilale na kusukumwa chini ya fundo. Kibanio cha meno ni cha siku za haraka: sokota, inua, bana. Meno yake yakutane. Kikiwa kikubwa kuliko kichwa kinabeba hewa, hakibebi nywele.

Niliandika yote. Nikauliza uzito wa juu ambao pini moja inabeba. Raya akasema hakuna anayepima. Nikauliza sasa mtu anajuaje. Akasema anayevaa ndiye anayejua, kikimuuma atasema, ukimuuliza.

Nikaandika hilo pia, bila kulielewa sana.

Alinifungia vitu vitatu kwenye karatasi. Wakati natoka akasema nimpe pole sana huyo mwenye karatasi.


Ijumaa, 10 Juni

Nimesoma maelekezo nikiwa nje ya dirisha la chumba cha Judith. Kwa sauti, kama nasoma tu mambo yangu. Nimepanga hatua kwa namba. Hatua ya kwanza, kusanya. Hatua ya pili, funga, usikaze.

Kimya ndani. Nikadhani amelala. Halafu sauti yake ikauliza kusokota ni kuelekea kulia au kushoto. Nikapekua karatasi. Nikasema haijaandikwa, mkono wake unakotaka. Akasema basi kulia.

Mara ya kwanza fundo lilifumuka. Mara ya pili likakaa upande. Nikarudia hatua ya tano. Akasema pini inagoma. Nikamwambia iingie imesimama, kisha ilale, isipigane na nywele. Akacheka. Mwaka mzima sijamsikia akicheka humo chumbani. Akasema, baba, leo umekuwa fundi.

Mara ya sita akatoka nje.

Fundo dogo, la kawaida, pini tatu tu. Lilikuwa limepinda kidogo. Akazunguka nimtazame nyuma, na ile shingo ni ya mama yake, ile alama nyeusi ndogo chini ya sikio ipo palepale. Nililia. Sikujificha kwa sababu sikupata muda. Judith naye akalia, tukasimama pale uani kama watu waliopokea taarifa ya msiba, kuku wanatuzunguka wakidhani tuna mahindi.

Baadaye aliteka maji, akapalilia maharage, akapepeta. Fundo halikuanguka. Nililikagua kila nusu saa.


Jumatatu, 13 Juni

Doto, binti wa mwenye mashine ya kusaga, aliliona fundo mashineni. Akamfuata Judith mpaka nyumbani. Naye alimaliza kidato cha nne mwaka ule ule, naye anazo nywele hajui azifanye nini. Wote walinyolewa pamoja na nywele za wote zimeota pamoja. Jana alikuja na wenzake wawili. Leo wamekuja saba, mmoja ametembea kutoka Masakta.

Judith anawakalisha kwenye kigoda cha mama yake. Anashika kichwa, anakigeuza, anafikiria. Simjui Judith huyu. Anaongea kwa uhakika, anawatania. Nywele za Doto nyepesi, hazishiki pini, anampa kibanio kidogo. Yule wa Masakta zimejaa kama kichaka, anamgawia mafundo mawili.

Nimeona niboreshe huduma. Nimepigilia rafu, nimepanga vibanio kwa ukubwa, kila fungu na namba yake. Judith akaja akapanga upya, vya nywele nyepesi huku, vya nywele nzito kule. Nikamweleza kwamba stoo yoyote inapangwa kwa ukubwa. Akasema hii si stoo, baba, ni vichwa. Wasichana wakacheka. Niliacha, lakini namba zangu bado zipo kwenye mbao.

Siku tano zimebaki. Nimetulia moyoni. Shemeji atakuja, ataona, atakosa kipengele cha kuandika.


Jumamosi, 18 Juni

Shemeji amefika na basi la kwanza, na mkoba, na begi moja tupu. Nililiona lile begi. Mtu haendi kwenye misa na begi tupu.

Misa ilikwenda salama. Padri aliitazama ngoma, kisha akanitazama mimi. Judith alivaa gauni la kijivu la Monica, fundo limekaa katikati kabisa, hakuna unywele nje. Wakati jina la marehemu linasomwa nilimwona shemeji haangalii altare, anaangalia kisogo cha Judith, machozi yanamtoka. Nikajua nimeshinda. Nisamehewe, lakini ndani ya misa ya mke wangu nilifurahi kumshinda dada yake.

Baada ya chakula shemeji akauliza nani amembana mtoto. Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Judith akasema amejibana mwenyewe, baba alimsomea. Shemeji hakuamini. Akavua kilemba chake na kusema, hebu nibane mimi. Mama wa miaka hamsini na nne, amekaa kwenye kigoda cha Monica, mbele ya wageni. Judith akamsokota kwa dakika tatu. Shemeji akajitazama kwenye kioo cha mkono. Akasema Monica alikuwa anambana hivi walipokuwa wasichana, kule Bashay.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Jirani yake pale Babati amefungua saluni, maofisi yamekuwa mengi, wanawake wanapanga foleni, anatafuta msichana mwenye mkono mwepesi. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto aliyetelekezwa, akasema, lakini naona hapa kuna fundi.

Nikasimama. Nikasema Judith ana majukumu. Nikataja ng'ombe, maharage, wateja wa hapa Basotu, rafu mpya, hali ya barabara, baridi ya Babati, ambayo kusema kweli ni ndogo kuliko ya kwetu. Nilikuwa bado naendelea nikasikia Judith amesema ndiyo.

Amesema ndiyo kabla sijamaliza. Hakusema kwa sauti kubwa.

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia yote haya, Katesh mara mbili, kibuyu, springi, kusoma dirishani, nilifanya ili asichukuliwe. Judith alikuwa anaosha vyombo, akaacha. Akasema hakujua kama kuna barua. Angejua, angeniambia siku ileile kwamba hapendi kwenda kukaa kwa watu bila kazi, angekataa mwenyewe, na shemeji asingemlazimisha. Lakini sasa kuna kazi, na ameipenda. Akasema mwaka mzima alikuwa anangoja nimuulize anataka kufanya nini na maisha yake. Baba, hukuniuliza. Mara zote unanizunguka.

Nikachukua kitambaa nikawa nafuta sahani alizoosha. Tulizimaliza zote.


Alhamisi, 23 Juni

Ameondoka na basi la asubuhi. Lile begi halikutosha, ikabidi tuongeze kiroba.

Kituoni alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema uji upo kwenye chupa, chumvi ipo mtungi wa pili, siku za mvua nisiache kuni nje. Nikamwambia nimeelewa. Akasema si kuni, lile lingine. Nikamwambia hata lile nimeelewa. Kuanzia sasa nitakuwa namuuliza kwanza, kila kitu, hata kidogo. Nilisema nikiwa na nia kabisa. Akaniangalia, akatabasamu, akapanda. Dirishani niliona fundo tu, mpaka kona.

Margwe alikuwa pale. Alitembea na mimi mpaka nyumbani, akakaa tukanywa uji wote.

Nyumba ni kimya kama nilivyoogopa. Nimewasha redio vyumba vyote viwili vikasikia. Nimefagia chumba chake ingawa kilikuwa kisafi. Chini ya kitanda nimekuta pini moja.


Jumapili, 3 Julai

Siku kumi. Jumatatu salamu zilikuja kupitia konda: Judith anaendelea vizuri, anapendwa na wateja, anakula. Nilifurahi sana. Nilifurahi kwa karibu saa nzima.

Halafu nikapata wazo. Kwa nini Judith yuko Babati? Kwa sababu saluni iko Babati. Hivyo saluni ikiwa Basotu, Judith atakuwa Basotu. Ni hesabu nyepesi, nashangaa hakuna aliyeiona.

Nimeanza Jumanne. Lile banda la kuhifadhia mahindi nimelitoboa dirisha upande wa barabarani. Alfredi seremala anatengeneza viti viwili vya kuzunguka. Sijui vitazungukaje, ila nimemchorea beringi ya kombaini na ameahidi kujaribu. Kioo kikubwa nimeagiza Singida. Nimewatangazia wasichana wote, Doto amefurahi mpaka akaruka, leo baada ya misa padri ametangaza kwamba kuanzia Agosti kijiji kitakuwa na huduma. Margwe anapaka chokaa, kila saa ananiuliza kama Judith amekubali. Nimemwambia Margwe apake chokaa.

Ndugu wa Mbulu wanajua. Konda anajua, nimemwapisha asiseme. Raya anajua, alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Wanajua watu wote isipokuwa Judith mwenyewe, maana ukimwambia mtu mapema atasema hapana kabla hajaona. Nitamwita siku ya kufungua. Nimeshafikiria cha kuandika: aje haraka, baba haamki.

Mlango umepakwa rangi leo jioni. Bluu. Nadhani Judith anapenda bluu.